Wakazi wa Venice wapo, ila wamepungua mno

Ndugu, umeandika kwamba Venice, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ni makumbusho tu na kwamba hukumwona mkazi hata mmoja. Sishangai, kwa sababu mgeni wa siku moja akishuka stesheni ya Santa Lucia hufuata njia ile ile iliyojaa maduka ya barakoa za sherehe hadi daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, kisha huondoka jioni. Wakazi wapo, ingawa wamepungua mno: mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu wapatao 175,000, na sasa hawafiki 50,000. Karibu na Rialto, dirishani mwa duka la dawa katika uwanja wa San Bartolomeo, kuna kibao cha tarakimu kinachoonyesha idadi ya waliobaki.

Mfereji unaoupiga picha ndio barabara yao, na kila kitu, kuanzia taka na saruji hadi wagonjwa na maiti wanaopelekwa makaburini katika kisiwa cha San Michele, hupita majini kwa boti. Anayerudi kazini hukuta kivuko kimejaa masanduku ya wageni, huku nyumba ambayo angeipanga inakodishwa kwa watalii kwa usiku mmoja mmoja. Ada iliyoanza kwa yuro 5 Aprili 2024 kwa wageni wa mchana, tena kwa siku maalumu tu, haigusi tatizo hilo la makazi, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Ukienda tena, lala huko, na asubuhi utembee upande wa Castello, mtaa ambako wakazi bado wanaishi.