Barua ya Mjomba Wako

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama huyo Cho Kuk, mwanasiasa wa Korea Kusini na mzaliwa wa hapo Busan unaposoma, aliyefungwa kwa vyeti vya uongo vya wanawe, alistahili msamaha wa Rais Lee Jae-myung Agosti 2025. Hilo angelijibu marehemu baba yako, karani wa mahakama. Mimi niliposoma habari za huyo Cho, nikafika pale alipomsaidia mwanawe kujibu mtihani wa chuo cha Marekani mtandaoni, nilivua miwani, nikaikumbuka barua ya mjomba wako.

Ulijitolea ofisini kwake siku tisa. Yeye akaandika miezi sita, akagonga muhuri. Niliichana mbele yako. Ufadhili ukakupita, ukakaa nyumbani mwaka mzima ukinikandia unga wa maandazi, na siku nne nzima hukuniamkia. Shikamoo ikakatika! Mtoto wa jirani akaondoka na barua kama ile ile, na mama yake mpaka leo hunisimulia habari zake gengeni. Nilikwambia: karatasi haina haya, mwenye haya ni aliyeshika kalamu.

Sasa huyu Cho alikuwa profesa wa sheria, aliyewahi kufungwa 1993 chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa. Yeye tena anawatengenezea wanawe vyeti vya uongo! Uwaziri wake wa sheria ulidumu siku 35 tu mwaka 2019. Mkewe alihukumiwa miaka minne, binti akafutiwa leseni ya udaktari. Amevuna alichopanda, nikasema.

Lakini Machi 2024 akaanzisha chama, na Aprili kikapata viti 12, kikimpinga Rais Yoon Suk Yeol, yule yule aliyekuwa mkuu wa waendesha mashtaka waliomchunguza. Wapiga kura wote hao hawana haya? Au waliona wakubwa wengine wana vyeti vile vile na hawaguswi? Hata hivyo, karatasi haina haya. Na mimi je, ningeichana kama ungekuwa mgonjwa, au kama ufadhili ule ungekuwa wa mwisho? Sijui kwa nini najiuliza usiku huu.

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kifungo chake cha miaka miwili. Ametumikia miezi minane. Mimi ningemwambia amalizie... basi, sisemi. Usinibane tena kwenye simu.

Mjomba wako anakusalimu. Amestaafu, lakini ule muhuri bado anao.

Mama yako, Tanga