Shimo la mita 9, mchanga na pampu

SWALI: Tunajenga kituo cha kusukuma majitaka Upanga, Dar es Salaam. Shimo la wima lina kina cha mita 9. Udongo ni mchanga, maji yako mita 2 chini, nyumba ya jirani iko mita 4 tu. Mkandarasi mmoja anataka kuzamisha pete za zege huku pampu zikivuta maji. Mwingine anapendekeza nguzo za zege zinazoingiliana, kwa bei karibu mara mbili. Nimchukue nani?

JIBU: Pete hazina kosa. Rotherhithe, London, mwaka 1825, mhandisi Marc Brunel alizamisha mnara mzima wa matofali kwa uzito wake wenyewe. Kinachonikera ni hizo pampu.

Ukivuta maji ndani ya shimo la mchanga, maji ya nje hupita chini ya ukingo wa pete na kuingia na mchanga, na mchanga huo unatoka chini ya msingi wa jirani. Fundi atakwambia, "Mbona maji meupe, bosi?" Kinga ndoo kwenye bomba, iache itulie, kisha papasa chini. Hata usipokuta chembe, kila mita ambayo maji yanashuka huongeza karibu tani moja kwa kila mita ya mraba ya udongo ulio chini. Kama kuna mfinyanzi laini huko, utadidimia, na nyufa huweza kujitokeza wakati mkandarasi ameshalipwa.

Anayejua kazi huacha shimo limejaa maji, juu kidogo ya usawa wa nje, akachimba humohumo majini, akamwaga zege la sakafu kwa bomba. Pampu huwashwa likishakomaa. Hapo maji yatasukuma sakafu yako kutoka chini kwa tani 7 kila mita ya mraba. Dai hesabu yake.

Hata hivyo pete zikishuka huburuta udongo wa pembeni, kwa hiyo kwa mita 4 ningechukua nguzo. Ila bei kubwa isikulaze usingizi. Nguzo hushuka chini kuliko shimo lenyewe; ikiinama 1 kwa 100, kwenye kina cha mita 14 imehama sentimita 14. Mbili zikiachana, mchanga umepata mlango. Nazo hazizuii maji ya chini mpaka zifike kwenye mfinyanzi au sakafu imwagwe majini vilevile.

Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009: shimo la reli ya chini ya ardhi lilikuwa na ukuta mnene wa zege, wa gharama kuliko hizo nguzo. Ukuta ulikuwa na kasoro. Maji na mchanga vikaingia, jengo la nyaraka za jiji likaporomoka, watu wawili wakafa. Halafu bado naletewa bei za mashimo ya mjini zisizo na ripoti ya udongo, zenye mstari mmoja tu: "kuvuta maji, siku 30."