Sungura 63 wasio na jinsia

Nina kompyuta mbili na printa moja katika chumba kidogo Kadutu, Bukavu. Nachapia watu barua, faktire na ripoti. Siku moja akaja papa mmoja mfuga sungura, mkononi fleshi yenye orodha ya wanyama wake 63. Safu ya jinsia ilikuwa na ♀ kwa majike na ♂ kwa madume, kazi ya mwanawe. Alitaka nakala mbili za kumpelekea daktari wa mifugo.

Kompyuta yenye printa ilikuwa na programu ya zamani isiyofungua faili ile, basi nikaihifadhi upya kama CSV ya kawaida (jedwali la maandishi matupu), nikafuta ya kwanza ili fleshi yake ibaki safi. (Usafi huo ndio ulioniponza.) Karatasi ilipotoka, safu nzima ilikuwa alama za kuuliza. Papa akaitazama, akanitazama. «Sasa unataka niwapindue wote tena, mmoja mmoja?»

Kilichotokea ni hiki. CSV ya kawaida kwenye Windows ya Kifaransa hutumia orodha ndogo ya herufi, na ♀ haimo. Kompyuta ikikosa pa kuiweka huandika «?», dume na jike sawasawa. Ukiona alama ya kuuliza ndani ya faili, jinsia imeshapotea, hakuna ujanja wa kuirudisha. Chagua CSV UTF-8 (UTF-8 ni namna ya kuhifadhi inayobeba herufi za lugha zote) pale unapohifadhi, na faili ya mtu usiifute kabla hajaiona kazi.

Bahati, mtoto alikuwa na CSV nyingine kwenye simu. Nikaibofya ifunguke kwa Excel: â™€, â™‚, ukurasa mzima. Jasho likanitoka bure, maana uchafu huu unatibika. Katika Yunikodi, orodha kuu inayoipa kila herufi namba yake, jike ni 2640 na dume ni 2642, na UTF-8 huandika kila moja kwa baiti tatu, yaani vipande vitatu vya data: E2 99 80, na E2 99 82. Windows ikizisoma kwa orodha yake ya zamani, kila baiti inakuwa herufi yake: â, ™, kisha € kwa jike au ‚ kwa dume. Kwa hiyo mwenye alama ya euro mwishoni ni jike! Usihifadhi. Funga, kisha ingiza faili kupitia menyu ya Données (data) na uchague 65001, yaani UTF-8. Wote 63 walirudi.

Ukiona kisanduku kitupu, huo ni ugonjwa mwepesi kuliko yote: herufi ipo, fonti ndiyo haina umbo lake. Weka Arial au DejaVu Sans.

Kuziandika, Windows ina njia ya tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows: bana Alt ya kushoto, piga 12 upate ♀, 11 upate ♂, kisha achia. Lazima iwe kwenye namba za upande wa kulia, NumLock ikiwa imewaka. Zile za juu ya klavye zetu za AZERTY (za Kifaransa) hazisaidii hata ukibana na Shift. Kompyuta ndogo isiyo na namba za pembeni? Ndani ya Word nenda Insertion, Symbole, andika 2640 kwenye nafasi ya kodi. Linux ni Ctrl+Shift+U, 2640, Enter. Kwenye ukurasa wa wavuti andika ♀ au ♂ (ni 2640 na 2642 zilezile, kwa hesabu ya kawaida ya kumi).

Ile ya emoji ya simu naikwepa. Nyuma yake hufuata herufi isiyoonekana, FE0F, inayoiamuru ijipake rangi, na kwenye jedwali inakaa kama kibandiko.

Alama zenyewe ni za kale: ni za sayari, Zuhura na Mirihi, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyezileta kwenye jinsia za mimea katika karne ya 18. Lakini orodha ya kuhama kompyuta hadi kompyuta, mimi sasa naandika M na F, za Kifaransa (mâle ni dume, femelle ni jike), na ♀ naiweka wakati wa kuchapa tu. Papa sikumdai faranga hata moja siku ile. Aliporudi mara ya pili alikuwa na fleshi, na daftari kwapani.