Kabla Hujaingia Studio, Kubalianeni Mgawo

Baba yangu alivua dagaa Igombe, ziwani Mwanza. Kila usiku wa giza, kabla mtumbwi haujasukumwa majini, kila aliyepanda alijua watagawana vipi: itatolewa kwanza gharama ya mafuta na taa, mwenye mtumbwi na nyavu atachukua fungu lake, kitakachobaki ni cha wavuvi. Hakuna aliyesubiri mtumbwi urudi ndipo aulize changu kiko wapi. Mimi binti yake niliingia studio mara ya kwanza na gitaa kavu na wimbo nilioutunga mwenyewe, nikaimba, nikalipa, nikatoka, na neno mgawo halikunitoka mdomoni. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaochanganya midundo ya nyumbani na gitaa, bila lebo wala meneja, ili msipite nilikopita.

Nilikuwa nimelipa 150,000, nikaamini nimenunua kila kitu. Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, prodyuza akadai nusu kwa kuwa biti ni yake. Mpiga zeze naye akasema ile sehemu ambayo watu wanaipenda ni ya kwake, na kusema kweli ilikuwa ya kwake. Tuligombana miezi kadhaa juu ya pesa ambayo hata haijaingia. Nilimpoteza yule mpiga zeze, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Elewa hivi: wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti yake ya kuimbika. Halafu kuna rekodi, ile iliyofungwa kwenye faili. Unaweza kumiliki utunzi wote na usimiliki rekodi, au kinyume chake. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuwasha kipaza sauti tunaandika karatasi moja: nani katunga maneno, nani kaunda sauti ya kuimbika, kila mmoja ana asilimia ngapi, rekodi ni ya nani, prodyuza analipwa mara moja au ana fungu. Majina kamili, tarehe, sahihi. Kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Anayekataa kusaini kabla ya kazi, usirekodi naye.

Na siku ya kumaliza, toka na faili zako kwenye flashi: wimbo kamili katika WAV, yaani faili isiyobanwa, ala bila sauti ya mwimbaji, na kila chombo peke yake. Kompyuta ya ile studio iliungua, nikabaki na wimbo wangu wa kwanza kama ulivyotumwa WhatsApp, umebanwa hadi besi imepotea. Mtu alipokuja kutaka ala tupu kwa ajili ya tangazo, sikuwa na cha kumpa.

Kisha peleka kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya 1999 inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki yenyewe haisubiri usajili, lakini siku ya ugomvi usajili ni ushahidi. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nako jisajili mapema, usingoje hadi mwenye ukumbi akuulize kibali.

Hapa nina jambo zito kwetu tunaochota kwenye nyimbo za asili. Nilichukua wimbo wa wigashe, ngoma ya Kisukuma, niliousikia kwa bibi upande wa Magu, nikaamini ni wa wote. Baada ya kuuimba kwenye sherehe moja Kisesa, mzee akanifuata taratibu, akaniuliza kama namjua ningi aliyeutunga. Ningi ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma, na Wasukuma wanamkumbuka kwa jina. Sikumjua. Familia yake ipo. Nilikwenda na kitenge na sukari, tukazungumza mchana kutwa, tukaandika karatasi kama ile ya studio. Usiseme "ni wa kienyeji" kabla hujauliza wazee watatu. Na hata usipompata mtunzi, sheria ile ile ya hakimiliki inalinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mila yake kunahitaji ruhusa ya Baraza la Sanaa.

Mtandaoni weka nyimbo, lakini usipangie kodi ya nyumba pesa ya huko. Tangu 2024 Spotify haihesabii malipo wimbo ambao haujafikisha visikilizo 1,000 katika miezi 12, na wengi wetu tunaanzia chini ya hapo.

Mimi chakula changu kinatoka kwa watu waliokaa mbele yangu. Sendofu, hoteli Ijumaa jioni, na mialo, kule mitumbwi inakotia nanga. Mialo ndiyo niliyochelewa kuielewa, ingawa nilizaliwa humo! Mwanzoni nilikwenda mwezi ukiwa mchanga, nikakuta wanawake na watoto tu, wanaume wako ziwani na taa zao. Dagaa huvuliwa gizani, kwa kuwa taa ndiyo inayowaita. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika. Ndipo wavuvi wako nchi kavu, wameshalipwa za giza lililopita, na wana usiku mzima wa kusikiliza. Sasa kalenda yangu ya maonyesho naipanga kwa mwezi. Namwona kwanza mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, naomba nafasi, nabandika lipa namba kwenye boksi la gitaa. Mbalamwezi moja ya siku tatu imewahi kunipa 240,000 baada ya kutoa nauli na kuwalipa wenzangu. Hotelini napata 60,000 kwa jioni.

Ukitaka kujifunza kumshika msikilizaji, nenda Bujora, huko Kisesa, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Angalia ningi anavyosoma watu: wakianza kuondoka habadilishi sauti tu, anabadilisha wimbo, anamtaja mtu aliyesimama pale, anawarudisha. Nilisimama siku nzima juani nikiangalia miguu ya watazamaji.

Mwezi huu nina mpiga zeze mpya, kijana wa Sengerema. Alivuka na kivuko cha Kamanga asubuhi ili turekodi. Kabla hajatoa zeze kwenye mfuko niliweka karatasi na kalamu mezani. Aliisoma mara mbili, akaniambia, "Dada, hii asilimia yangu ya utunzi ongeza, ile mwanzo nimeitunga mimi." Tukaupiga mwanzo tena, nikasikiliza, nikaandika 30 pale palipokuwa na 20. Akasaini, tukaanza kurekebisha nyuzi.