Shimo Fupi, Tii Mbili

Kwenye gofu, kuna shimo la pa 3 (la kumalizwa kwa mapigo matatu) nililocheza miaka mitatu nikiamini nalijua. Yadi 130, fimbo namba 9, mpira juu ya grini, ile nyasi fupi yenye kikombe, twende la pili. Siku moja tukakuta alama za kuanzia zimehamishiwa tii (mahali pa kupigia mpira wa kwanza) ndogo ya kulia, ng'ambo ya bwawa. Kibao kilisema yadi 130 zilezile. Nikatoa namba 9 ileile, nikapiga vizuri tu, mpira ukavuka grini ukazama kwenye banka, shimo la mchanga, la nyuma. Banka lenyewe halikuwa geni: kutoka tii ya zamani lilikuwa la pembeni, nami sikuwahi kulijali.

Grini ile ni ndefu na nyembamba kama mtumbwi. Tii ya zamani inaitazama kutoka omo, kwa hiyo ukizidisha yadi nane bado umo chomboni. Anayeadhibiwa ni anayekwenda kombo. Ukiitazama kutoka ubavuni, yaani kwenye tii mpya, kwenda kombo kunasamehewa, ila kuzidisha hakuna msamaha. Kumbe namba 9 yangu ikigongwa sawasawa hufika yadi 138. Pembe ya zamani ilinifichia kosa hilo miaka yote.

Grini ikilala mshazari, mambo yanakuwa magumu zaidi. Shimo la 12 la Augusta National, Marekani, lina yadi 155 tu, lakini upande wa kulia wa grini uko mbali kuliko wa kushoto, na mbele kuna kijito. Mchezaji wa mkono wa kulia mpira ukimponyoka kulia, mara nyingi hupungukiwa pia: majini. Akiuvuta kushoto, huwa mrefu na kupitiliza. Makosa yake yote mawili yanakwenda kinyume na umbo la grini. Anayetumia mkono wa kushoto, makosa yake yanaifuata. Sogeza tii ile upande mwingine, na shimo litakuwa jingine kabisa bila kuongeza hata yadi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza yadi, uliza ni kosa gani linalosamehewa hapa. Ukipita karibu na grini ukielekea shimo jingine, igeukie uitazame kwa ubavu. Upepo nao upime upya: uliokuwa mgongoni kwenye tii moja, kwenye nyingine unakupiga begani.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau: eneo la tii lina kina cha urefu wa fimbo mbili nyuma ya alama, na mpira unaweza kuuweka popote ndani yake, hata miguu yako ikisimama nje. Mimi hutembea kutoka alama hadi alama kwanza. Hatua nne tu kando zinaweza kuondoa tawi la mti kwenye njia ya mpira. Na usizifuate alama zenyewe kama dira; mara nyingi nimezikuta zimeelekezwa kwenye banka.