Fundi Anajibu: V-Max iliyolala muda mrefu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua pikipiki ya Yamaha V-Max ya 1991 iliyokaa miaka mingi chini ya turubai. Inawaka kwa choki tu. Nikiirudisha choki, inazima. Nikiilazimisha kwenda, chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika inapiga missi, ila ikishavuka hapo inavuta vizuri kabisa. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Nikubali? Na nitajuaje kama V-Boost, ule mfumo wake wa kuongeza nguvu kwenye mizunguko ya juu, inafanya kazi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usikubali, angalau si kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Ringi zilizokwisha haziponi injini ikichanganya. Ungeona moshi wa buluu, oili ingepungua, na nguvu ingekosekana kote, chini na juu. Yako ina njaa chini na imeshiba juu. Hapo mimi naitazama kabureta, hasa zile jeti ndogo za mwendo wa chini, yaani vipande vyenye tundu la kupimia petroli.

V-Max ya 1200, iliyotengenezwa tangu 1985 hadi 2007, ina silinda nne na kila moja ina kabureta yake. Ikilala na petroli ndani, petroli hukauka kwenye bakuli za kabureta na kuacha utando wa njano unaonata. Jeti kubwa ina tundu pana, kwa hiyo bado inapitisha. Ndogo tundu lake halifiki hata nusu milimita, nayo ndiyo huziba kwanza. Choki ina njia yake ya mafuta, ndiyo maana kwa choki inawaka.

Kabla hujafungua kitu, iwashe ikiwa baridi kabisa, iache ingurume nusu dakika, halafu dondoshea maji kwenye kila bomba la ekzosi, karibu na silinda. Bomba linalofanya kazi litachemsha tone hilo papo hapo. Pale ambapo tone linateremka taratibu bila kuchemka, silinda hiyo haiunguzi. Angalia moto wa plagi yake kwanza. Moto ukiwepo, rudi kwenye kabureta.

Zitoe kabureta zote nne zikiwa zimeungana, usizitenganishe bila sababu. Jeti ndogo ukishaifungua, inua juu uitazame kwenye mwanga. Usipoona kiduara safi cha mwanga, bado haijasafishika, hata kama imelala kwenye dawa usiku kucha. Usiichokonoe kwa waya wa chuma: utapanua tundu, na hapo ni kununua mpya. Dawa ya kusafishia kabureta isiguse diaframu za mpira. Niliwahi kuona kazi nzuri ya siku nzima ikiharibika kwa kosa hilo. Ukirudisha, weka filta mpya ya petroli, kisha chungulia tangi lililo chini ya kiti kwa tochi. Likiwa na kutu, pampu itapeleka uchafu ule ule kwenye kabureta ulizosafisha. Mwisho zilinganishe kabureta kwa geji za vakyumu, zinazopima mvuto wa hewa wa kila silinda. Kwa sikio tu huwezi, hata uwe mzoefu kiasi gani.

Sasa V-Boost. Ni vali za kipepeo zinazounganisha njia za hewa za silinda mbili mbili. Huanza kufunguka karibu na mizunguko 6,000 na kuwa wazi kabisa kwenye 8,000, ili silinda moja inyonye kupitia kabureta mbili. Hakikisha kwanza kwamba unayo, maana baadhi ya zilizouzwa Ulaya zilitoka kiwandani bila mfumo huo. Kama ipo, tafuta mota yake ndogo na kebo zake, uone vali zinafunga kikamilifu. Zikikwama wazi, mwendo wa chini unakuwa mbovu hata kabureta ziwe safi.

Nakuomba sana, usiijaribu hiyo V-Boost kabla ya breki. Hukuniuliza, lakini pikipiki hii ilitoka na nguvu za farasi zinazofikia 145, na breki za zile za kabla ya 1993 ni dhaifu kuliko za baadaye. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hiyo yote yamevuta maji. Yamwage yote, pamoja na ya klachi, maana nayo ni ya haidroliki. Badilisha paipu za mpira. Kwenye tairi soma tarakimu nne: 3412 maana yake lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2012. Tairi la namna hiyo ling'oe, hata kama kashata zake bado ndefu.

SWALI: Fundi, V-Max yangu nikiwa gia ya pili nikivuta mafuta kwa nguvu, gia inaruka. Nimeshabadilisha oili, wapi.

JIBU: Oili haitakusaidia. Meno yanayoshikanisha gia ya pili yamelika pembe, ugonjwa unaofahamika kwa V-Max zilizoendeshwa kwa fujo, na kuyafikia ni lazima injini ishuke na kupasuliwa. Ukishafungua, badilisha gia hiyo pamoja na mwenzake inayoshikana nayo, na ukague uma unaosukuma gia kama umepinda. Hadi siku hiyo, ukiwa gia ya pili vuta polepole, maana kila ikiruka inajila zaidi.