MOT imeisha na bado unaendesha? Yaliyonikuta hapa Uingereza

Mkuu, umeuliza: MOT (cheti cha ukaguzi wa gari wa kila mwaka) imeisha wiki tatu, bima na kodi ya barabara umelipa, ukiendelea kwenda na gari kazini mpaka mshahara utoke kuna shida gani? Nakujibu kwa sababu nilifanya hivyo hivyo, hapa Leicester.

Yangu iliisha mwezi wa kwanza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, natoka nyumba hii naenda ile, alfajiri na usiku. Nikajiambia gari inawaka, breki inashika, haina kelele. Usiku mmoja gari la polisi likanifuata nyuma, likawasha taa. Askari hakuhitaji karatasi yoyote, kamera yao inasoma namba ya gari na taarifa zote zinatokea hapo hapo. Faini pauni 100. Kesi ikifika mahakamani inaweza kupanda hadi 1,000. Kwa kukosa MOT peke yake huwekewi pointi kwenye leseni, ndiyo maana wengi wanaona jambo dogo.

Sasa sikiliza. Gereji fundi aliinyanyua gari, akaniita niangalie chini. Tairi la mbele kushoto, ukilitazama kwa nje kashata (ile michoro ya tairi) zipo vizuri kabisa. Upande wa ndani lilikuwa kipara, waya zimetokeza. Nilipopitisha kidole zikanichoma. Jana yake tu nilikuwa barabara kuu ya M1, mvua inanyesha, mwanangu kiti cha nyuma. Miguu iliniisha nguvu, ndugu yangu. Sheria inataka kashata isipungue milimita 1.6. Ukikamatwa chini ya hapo ni faini hadi pauni 2,500 na pointi 3, kwa kila tairi.

Bima nayo: uliyemgonga watamlipa, ila gari yako wanaweza kuipunguzia thamani kwa kuwa haikuwa na MOT. Soma masharti yako.

Usisubiri mshahara. Kipimo cha gari dogo hakizidi pauni 54.85. Piga simu gereji uweke miadi, kwa sababu kwenda kwenye kipimo ulichoshika nafasi sheria inakuruhusu, mradi gari yenyewe si mbovu kiasi cha kuhatarisha watu. Na mwakani pima ndani ya mwezi wa mwisho kabla haijaisha, tarehe yako inabaki ile ile.

Ila leo hii kabla hujalala, kata usukani mpaka mwisho, washa tochi ya simu, chungulia matairi ya mbele upande wa ndani. Pande zote mbili. Halafu rudi hapa utuambie umeona nini.